Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kupiga Picha Ndege wa Majini na Makinda Wao, Dar es Salaam

Kila ninapopiga magoti kando ya maji na lenzi ndefu, hapakosi mtu wa kuja kuniuliza. Wengine ni wapita njia, wengine wamenunua kamera juzi na wanataka kuanza. Maswali yao yanafanana, kwa hiyo nimeyaandika hapa pamoja na majibu ninayowapa. Utaona kunguru anatajwa tena na tena. Katika jiji hili huwezi kuzungumzia makinda ukamwacha kunguru.

Dar es Salaam kuna bata maji, wale weupe wenye shingo ndefu?

Wa porini hawapo. Duniani kuna aina sita za bata maji, na hakuna hata moja yenye makazi yake ya asili kusini mwa Sahara. Yule wa kwenye kadi za harusi, mweupe mwenye mdomo wa chungwa na nundu nyeusi juu ya mdomo, ni wa Ulaya na Asia. Mweusi ni wa Australia. Mwenye mwili mweupe na shingo nyeusi ni wa Amerika ya Kusini. Waliobaki watatu ni wa nchi za baridi za kaskazini.

Mbona nimewaona kwenye bustani ya harusi?

Uliowaona huenda ni bata bukini wa kufugwa. Mtazame mdomo: ni wa chungwa mtupu, hauna weusi wala nundu. Shingo yake ni nene na fupi, na akitembea nchi kavu anakwenda vizuri tu, wakati bata maji nchi kavu hujikokota. Bata bukini si wa kudharau. Mwanafunzi wa picha atajifunza mengi kwake, na kwa bata wa kawaida wa jirani pia. Mimi humwambia kila anayeanza: kabla hujaenda bwawani, nenda uani kwa mwenye bata, omba ruhusa, lala kifudifudi, piga picha vifaranga vikinywa maji kwenye beseni. Ukiweza kuweka fokasi jichoni mwa kifaranga wa bata, kweli jichoni, akiwa anakimbia kumfuata mama yake, umeshaiva kwa nusu ya kazi ya porini.

Basi porini nipige picha ndege gani?

Wapo, na kwa maoni yangu makinda wao wanavutia kuliko wa bata maji.

Anza na kibisi. Ni ndege mdogo wa kahawia, shingo na mashavu mekundu ya kutu, anayezama ghafla na kuibuka mahali usipotarajia. Anaishi kwenye mabwawa ya kawaida kabisa, hata mashimo ya kokoto yaliyojaa maji ya mvua. Makinda wake wana mistari myeusi na myeupe kichwani, na siku zao za kwanza hupanda mgongoni kwa mzazi. Mzazi mmoja anaogelea na mzigo, mwingine anazama kutafuta chakula. Unachokiona kwa nje ni manyoya ya mgongo yaliyofura kidogo, halafu kinachomoka kichwa chenye mistari, kinapokea kidudu, kinarudi ndani. Ukiipata picha hiyo, hutaifuta maisha yako yote.

Wa pili ni yule anayetembea juu ya majani ya yungiyungi, mwenye vidole virefu kupita kiasi na paji la buluu. Kwa ndege huyu dume ndiye mlezi. Jike ni mkubwa zaidi, anaweza kuwa na madume kadhaa, naye akishataga huwaachia wao kulalia na kulea. Hatari ikitokea, dume hujikunyata, akawakusanya makinda chini ya mbawa zake, akanyanyuka na kuondoka nao. Miguu yao inabaki ikining'inia nje. Mara ya kwanza nilipomwona hivyo nilidhani ndege ana kilema: miguu minane, mingine ikigusa maji, mingine ikielea hewani. Nilishusha kamera nikahesabu kwa macho kabla sijaelewa.

Halafu kuna bata wa mluzi, wenye uso mweupe na shingo nyeusi. Utawasikia kabla hujawaona, mluzi wa sauti tatu, mara nyingi usiku wakipita juu ya nyumba. Kukuziwa naye yupo kwenye matete, mweusi mwenye paji jekundu. Bata bukini wa Misri, ambaye wazazi wote wawili huongozana na vifaranga kama familia iliyotoka matembezi, utampata kwa uhakika zaidi ukienda Hifadhi ya Taifa ya Nyerere kuliko ukizunguka jijini.

Wanazaa lini?

Fuata mvua. Masika ya Machi hadi Mei yanajaza mabwawa, majani yanaota, wadudu wanaongezeka, na bata wa mluzi huanza kuhangaikia viota. Vuli ya Oktoba hadi Desemba huamsha wengine. Kibisi na yule wa kwenye yungiyungi hawana haraka ya majira. Bwawa likiwa na maji yaliyotulia na mimea ya kutosha, wanaweza kuzaa karibu wakati wowote. Kibisi hulalia mayai kama wiki tatu. Ukimwona analijenga tuta la majani majini, weka alama kwenye kalenda yako, kisha mwache kabisa mpaka siku hizo zipite.

Niende wapi?

Bwawa la Minaki, kwenye msitu wa Pugu-Kazimzumbwi upande wa Kisarawe, ni mahali pazuri pa kuanzia kwa maji baridi na utulivu. Ni hifadhi, hivyo unaingia kwa utaratibu na kulipa kiingilio.

Kunduchi kuna mabwawa ya chumvi. Hapo utaona ndege wa miguu mirefu myekundu na makundi ya ndege wageni wanaotoka kaskazini ya dunia kati ya Septemba na Aprili. Ni sehemu za kazi za watu, kwa hiyo salimia kwanza. Ukimkuta mzee kwenye kingo, "Shikamoo mzee, naomba nipige picha ndege, sitakanyaga matuta." Mimi sijawahi kukataliwa nikisema hivyo. Matuta yale ni ya udongo, ukikanyaga vibaya unabomoa jasho la mtu.

Mdomo wa Mto Msimbazi, kati ya Daraja la Selander na Daraja la Tanzanite lililofunguliwa mwaka 2022, una mikoko na tope pana maji yanapopwa. Hapo yupo ndege mmoja wa kumtafuta kwa makusudi: mweupe na mweusi, mdomo mnene kama koleo, mla kaa. Anazaa mbali, kwenye fukwe za Uarabuni na jirani zake, ndani ya mashimo anayochimba mchangani. Lakini kinda humfuata mzazi mpaka huku kwetu, na bado anaomba kulishwa. Utamwona kijana wa kijivu, mkubwa sawa na mama yake, akimwandama kwenye tope huku akilia, mpaka apewe kaa. Kwa hiyo hata kama hakuna kiota kilometa nyingi kutoka hapa, picha ya mzazi na mwana unaweza kuipata katikati ya jiji.

Viota nivijuavyo sivitaji. Sababu inafuata.

Kwa nini unasisitiza umbali kiasi hicho? Ndege si ataruka tu na kurudi?

Kwa sababu ya kunguru. Nazungumzia yule mwenye shingo ya kijivu, kunguru wa India, aliyeletwa Zanzibar miaka ya 1890 na sasa ameijaza Dar es Salaam. Yule wa asili yetu ana kifua cheupe, tena siku hizi kumwona mjini ni nadra. Kunguru wa India anakula mayai na makinda, ana akili, na amekulia kati ya watu. Anajua binadamu akisimama mahali kwa muda akiinama kuchungulia kitu, kitu hicho huenda kinaliwa.

Nitakueleza lililonikuta. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nafuatilia kibisi kwenye shimo la kokoto. Tuta lake la majani lilikuwa mita chache tu kutoka kwenye kingo. Kibisi ana kinga moja nzuri sana: akitaka kuondoka juu ya mayai, huyafunika kwanza kwa majani mabichi, haraka haraka kwa mdomo, na ukitazama huoni kiota, unaona takataka zinazoelea. Kinga hiyo inahitaji sekunde chache. Asubuhi ile nilitaka picha ya karibu zaidi, nikajivuta mbele mara moja kwa pupa, jiwe likaporomoka likaingia majini. Akazama bila kufunika kitu. Mimi nikaona ni bahati, mayai yako wazi, nikapiga.

Sikumwona kunguru aliyekuwa kwenye waya wa umeme nyuma yangu. Nilirudi nyuma kama hatua kumi kubadilisha betri, na alipotua nilikuwa nimeshika betri mkononi. Nilipiga kelele, nikarusha fulana. Alikwenda na yai moja na wenzake wawili wakafuata. Nyumbani niliikuza picha yangu ya mwisho: mayai manne, upande mmoja meupe, upande uliogusa majani yaliyooza umeshika rangi ya chai. Ni picha kali, haina kasoro ya fokasi. Sijamwonyesha mtu.

Tangu siku hiyo, kabla sijanyanyua kamera, natazama juu: waya, minazi, nguzo, paa. Kunguru akiwa ananiangalia, nakaa chini mbali na ndege, nafungua chai, nasubiri achoke. Asipoondoka, naondoka mimi.

Umbali gani unatosha?

Ndege mwenyewe atakwambia, ukimsoma. Mimi huanza hatua hamsini kutoka kwake na kukaa chini robo saa bila kupiga. Akiendelea kula, kujichambua manyoya, au kusinzia, nasogea kidogo, nakaa tena. Akinyoosha shingo na kutulia kama mti, umeshafika mwisho. Usisogee hata kidogo. Akianza kuwaita makinda au kuogelea kwa kasi kuelekea kwenye matete, umeshapita mwisho, rudi nyuma. Anayejifanya amevunjika bawa mbele yako anakuondoa karibu na makinda, nao huenda wako miguuni pako. Simama, tazama unapokanyaga, rudi kwa njia uliyojia.

Penye kiota chenye mayai sina umbali wa kukupa. Subiri yaanguliwe. Makinda wa ndege wote niliowataja, isipokuwa yule mla kaa anayezaa mbali, hutoka kwenye kiota siku za mwanzo tu, na hapo ndipo picha zilipo.

Bajaji iliyoegeshwa ni kificho kizuri kuliko pazia lolote la kununua. Ndege wameizoea. Mlipe dereva muda wake, azime injini, piga kutokea ndani.

Nahitaji lenzi gani? Simu haitoshi?

Lenzi ya milimita 300 ni mwanzo mzuri, 400 ni bora, na zile za 150 hadi 600 ndizo wengi wetu tunazotumia kwa sababu unapata kila kitu kwa bei ambayo mtu anaweza kudunduliza. Nunua iliyotumika, lakini imulike kwa tochi kwanza utazame kama ndani kuna nyuzi za ukungu.

Simu inatosha kwa mandhari: bwawa, mwanga, familia ya bata ikiwa ndogo katikati ya maji mengi. Picha za namna hiyo hazipewi heshima inayostahili. Ukitaka karibu zaidi, weka kamera ya simu kwenye jicho la darubini na uishikilie kwa mkono mmoja uliotulia. Usichokifanya ni kusogea na simu mpaka mita tatu kwa sababu zumu imeisha.

Mipangilio ya kamera?

Makinda wakiogelea, kasi ya shata 1/1000 ya sekunde. Wakikimbia au mzazi akiruka, 1/2000. Acha aiso, wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ipande. Chembechembe kwenye picha zinavumilika, ukungu wa mtikisiko hauvumiliki.

Tundu la lenzi, linaloandikwa kwa f na namba (namba ikikua, tundu linabanwa), ndilo linalowasumbua wengi kwenye picha za mzazi na mwana. Kwa lenzi ya milimita 400, ndege akiwa mita 15, ukiweka f/8 sehemu iliyo kali mbele na nyuma haifiki mita moja. Mama akiwa mbele na vifaranga nyuma yake, mmoja atafifia. Unaweza kubana mpaka f/11 kama mwanga upo, lakini dawa bora ni kusubiri familia ipite ubavu, wote wakiwa mstari mmoja mbele yako. Usipoweza, mweke kinda kwenye fokasi, mzazi afifie. Macho ya mtazamaji yatamwendea mdogo.

Shuka chini. Lenzi ikiwa karibu na usawa wa maji, kinda anakuwa mtu mzima wa ulimwengu wake. Ukipiga umesimama, unapata mgongo na maji ya kahawia.

Yangeyange wangu wanatoka kama karatasi nyeupe, hawana manyoya. Nakosea wapi?

Kamera ndiyo inayokosea, nawe unaiamini. Imetengenezwa kudhani kila unachokielekezea, kwa wastani, ni kijivu. Yangeyange mmoja mdogo katikati ya maji meusi: kamera inaona weusi mwingi, inaongeza mwanga, na ndege anaungua. Punguza kwa theluthi mbili ya stopu, yaani kipimo cha mwanga cha kamera, au stopu nzima. Lakini ndege mweupe akijaza fremu yote, kamera inaona weupe mwingi, inapunguza, na unapata ndege wa rangi ya majivu, hapo uongeze. Washa alama ya kumetameta inayoonyesha palipoungua, itazame baada ya picha ya kwanza, rekebisha, ndipo uendelee. Na usipige ndege mweupe saa sita mchana. Mwanzoni mwa Machi na tena wiki ya pili ya Oktoba jua la Dar linapita utosini kabisa. Hakuna mpangilio wa kamera unaoshinda hilo.

Mtu wa bata maji kule Ulaya ana tatizo hilihili kila siku, kwa sababu mzazi ni mweupe pe na makinda ni ya kijivu. Pima mwanga kwa mzazi. Kijivu cha kinda unaweza kukiinua baadaye kwenye kompyuta, lakini weupe uliokwisha kuungua haurudi.

Saa ngapi nitoke?

Kwenye mabwawa ya ndani, uwe umekaa chini kabla ya jua. Hapa kwetu linachomoza karibu saa kumi na mbili asubuhi, au nusu saa na zaidi baadaye ukifika Julai, na linapanda haraka. Ikifika saa mbili mwanga laini umekwisha.

Ufukweni mambo yanageuka. Pwani yetu inatazama mashariki, hivyo asubuhi jua liko usoni kwako na kila ndege ni kivuli cheusi. Vivuli hivyo vina uzuri wake, yule mla kaa anapendeza akiwa mweusi juu ya maji ya dhahabu, lakini kama unataka macho na manyoya, nenda alasiri, jua likiwa mgongoni.

Kisha tazama mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpya au mpevu, maji hupwa sana karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi jioni. Ukikaa pembeni ya tope kuanzia saa saba au saa nane mchana, maji yanayojaa yatawasukuma ndege kukusogelea wewe, mwanga ukizidi kulainika. Husogei hata hatua moja. Siku za maji mafu mabadiliko ni madogo, na mimi hubaki nyumbani kusafisha vifaa.

Lenzi yangu inaingia mvuke kila nikitoka asubuhi.

Umelala na kamera kwenye chumba chenye kiyoyozi. Kioo baridi kikikutana na hewa ya nje ya Dar, kinalia machozi, nje na wakati mwingine ndani. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki kabla hujatoka, iache ndani ya mfuko ipate joto kwa dakika ishirini au thelathini, ndipo ufungue. Ukirudi nyumbani usiisahau kwenye begi bichi. Ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana na pakiti za silika, zile za kufyonza unyevu, zinazobadilishwa inatosha kuzuia ukungu. Ukitoka mabwawa ya chumvi au ufukweni, futa mwili wa kamera kwa kitambaa kilicholowa kidogo maji baridi kisha kikavu. Chumvi haisubiri wiki ijayo.

Natakiwa kuwa na kibali?

Kwa picha zako binafsi mahali pa wazi, kwa kawaida hapana, ila pita kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa ukiwa mgeni. Wenyeji wakishakujua, ndio walinzi wako. Hifadhini unafuata taratibu za hifadhi. Karibu na maeneo ya jeshi usitoe kamera kabisa, hata kama ndege ni wa pekee. Droni inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na hata ukikipata, usiipeleke juu ya makinda. Kwao ni mwewe.

Kuna hatari gani kwangu mwenyewe?

Kichocho. Maji baridi yaliyosimama, yenye konokono, yanaweza kuwa na vijidudu vinavyopenya ngozi, na mpiga picha anayependa kushuka usawa wa maji ndiye wa kwanza kupata. Lala kwenye turubai, usiingize miguu. Kama umeshaingia, nenda kapime. Msimbazi unabeba maji machafu ya jiji, kwa hiyo huko funika vidonda na unawe kwa sabuni kabla ya kula. Kwenye Mto Ruvu, na kwenye maziwa ya Nyerere kama Tagalala, kuna mamba na viboko: hapo hakuna kulala kando ya maji, unapiga ukiwa ndani ya gari au boti pamoja na mwongozaji.

Nenda na mwenzako. Mmoja anatazama ndege, mwingine anatazama watu na kunguru.

Naweza kuwatupia mkate wasogee?

Hapana. Makombo yanamwita kunguru kabla hayajamwita bata. Wala usipige sauti za ndege kwenye simu. Mzazi anaacha makinda kuja kumtafuta mpinzani asiyekuwepo.

Nasafiri Uingereza. Bata maji nitawapiga vipi?

Utawakuta kwenye bustani za katikati ya miji, kwa mfano Hyde Park ya London. Wanataga majira ya machipuko, hulalia kama wiki tano, na makinda wengi huanguliwa Mei na Juni. Nenda wiki hizo za kwanza, ndipo wanapopanda mgongoni kwa mzazi, kati ya mbawa zilizoinuliwa kama pande mbili za kitanda. Wakikua hawapandi tena, ingawa kuruka wanaanza baada ya miezi minne au mitano. Juni jua la kule linachomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na linapanda polepole, hivyo una saa nyingi za mwanga laini kuliko ulizozoea.

Wamezoea watu, lakini usijisahau. Dume akiinua mbawa juu ya mgongo, shingo akiirudisha nyuma, na kuja kwako kwa mikupuo, hapigi pozi. Anakufukuza. Piga moja, ondoka.

Nikiweka picha mtandaoni nitaje mahali?

Taja wilaya, inatosha. Zima alama ya mahali kwenye simu kabla ya kupiga, maana picha huibeba bila wewe kujua. Makinda wakishakua na kuondoka, taja upendavyo.

Nimemkuta kinda peke yake, analia. Nimchukue?

Usimchukue. Mara nyingi mzazi yuko kwenye matete, anakusubiri wewe uondoke. Kulia kwake ndiko kunakomwongoza mzazi, na kukiendelea sana kunamwongoza kunguru pia, kwa hiyo muda ni mfupi. Rudi nyuma upesi bila kukimbia, mbali zaidi ya unavyodhani inahitajika, ukae mahali unapoweza kuona anga. Kunguru akishuka, simama, piga makofi, mtupie kijiti. Halafu kaa tena.

Mwaka jana nilikaa hivyo dakika arobaini kwa kinda mmoja wa kwenye yungiyungi, kamera ikiwa begini. Baba yake alitoka kwenye matete taratibu, akasimama, akatembea majani mawili, akasimama tena. Alipomfikia alijikunyata, na aliponyanyuka kulikuwa na miguu minne.